Waliovuka Mpaka Bila ya Kujua: Kisa cha Wasafiri Watatu Waliofungwa Iran na Wajibu wa Familia ya Mahabusi



Shukrani zote anastahiki Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba zake. Ama ba‘d.

Ndugu zetu katika Imani, sisi watu wa visiwani ni watu wa safari. Vijana wetu wanakwenda Ghuba kutafuta riziki, wavuvi wetu wanakwenda dago miezi mizima, na watoto wetu wanasoma nchi za mbali. Kila nyumba yenye msafiri ina khofu moja isiyosemwa: simu ipigwe usiku, iambiwe kwamba fulani amekamatwa ugenini. Hapo maswali huanza. Amefanya nini? Yuko wapi? Nani wa kumuendea? Tuseme hadharani au tunyamaze?

Katika makala hii tunaeleza hali moja ngumu zaidi katika hali hizo, nayo ni ya mtu aliyevuka mpaka wa nchi yenye uhasama na nchi yake, akakamatwa. Tumechagua kisa cha Wamarekani watatu waliokamatwa na Iran mwaka 2009, kwa sababu habari zake zimeandikwa sana na pande zote zimesema neno lake. Pia mlango waliotokea ulikuwa Maskati, mji ambao familia nyingi za Unguja na Pemba zina jamaa zao.

Neno letu katika yote haya ni hili: mpaka hauulizi nia. Aliyepotea na aliyekusudia hukamatwa kwa mkono mmoja. Kutoka kwake kunategemea sana kama yupo mtu anayesikilizwa na pande mbili, na kama familia ina subira ya kumtafuta mtu huyo na kumuacha afanye kazi yake.

1. Kisa chenyewe

Shane Bauer alikuwa mwandishi wa habari na Sarah Shourd alikuwa akisomesha Kiingereza. Wote wawili walikuwa wakiishi Damascus, Syria. Rafiki yao Josh Fattal alikuja kuwatembelea. Mwezi Julai 2009 watatu hao, pamoja na rafiki wa nne, walipitia Uturuki wakaingia Kurdistan ya Iraq, eneo la kaskazini ambalo wakati ule lilikuwa na utulivu kuliko sehemu nyengine za nchi hiyo.

Walifika mji wa Sulaymaniyah. Wenyeji waliwasifia maporomoko ya maji ya Ahmed Awa, mahali ambapo familia za Kikurdi hupumzika wakati wa joto. Rafiki wa nne hakujisikia vizuri, akabaki hotelini. Watatu walikwenda, wakalala karibu na maporomoko, na asubuhi wakafuata njia ya miguu iliyopanda mlimani. Maeneo yale hayana ukuta wala uzio, na njia moja inaweza kuanzia nchi hii ikaishia nchi nyengine.

Tarehe 31 Julai 2009 waliwaona askari wenye silaha juu ya mlima. Wao wanasema hawakuona alama yoyote ya mpaka, na kwamba askari ndio waliowaashiria waende walipo. Serikali ya Iran ilisema waliingia nchini kinyume cha sheria. Kabla ya kunyang’anywa simu waliwahi kumpigia mwenzao aliyebaki hotelini, naye akaujulisha ubalozi wa nchi yao Baghdad. Simu hiyo fupi ndiyo iliyofanya dunia ijue mapema walipo.

Walipelekwa jela ya Evin, Tehran. Mwezi Novemba mwendesha mashitaka alitangaza kwamba wanatuhumiwa kwa ujasusi, tuhuma waliyoikanusha hadi mwisho. Shourd alifungiwa peke yake kwa zaidi ya mwaka, akiruhusiwa muda mfupi tu wa kukutana na wenzake. Baada ya kutoka, Bauer na Fattal walieleza kwamba iliwabidi wagome kula ili wapewe barua za familia zao.

2. Kwa nini kosa la njia likawa kesi ya miaka miwili

Katika mipaka mingi, mtu aliyepotea huulizwa, huandikwa, hutozwa faini au hurudishwa alikotoka. Hapa haikuwa hivyo, na sababu yake ilianza miaka 30 nyuma. Mwezi Novemba 1979 ubalozi wa Marekani Tehran ulivamiwa na wafanyakazi wake wakazuiliwa, na Aprili 1980 Marekani ikakata uhusiano wa kibalozi na Iran. Tangu hapo Marekani haina balozi Tehran, na maslahi yake huko huangaliwa na ubalozi wa Uswisi.

Kwa hivyo mahabusi hawa hawakuwa na afisa wa nchi yao wa kufika jela. Wanadiplomasia wa Uswisi waliruhusiwa kuwaona kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Septemba 2009, karibu miezi miwili baada ya kukamatwa. Mama zao waliruhusiwa kwenda Tehran na kukutana nao Mei 2010. Familia ziliweka wakili wa Kiiran, naye alilalamika kwamba hapewi nafasi ya kukaa faragha na wateja wake.

Pale nchi mbili zinaposhukiana, kila kitu cha msafiri hugeuka ushahidi. Kazi ya uandishi hugeuka alama. Kamera hugeuka alama. Viza za nchi za jirani zilizomo ndani ya pasi hugeuka alama. Mtu asiye na la kuficha huona ajabu kwamba maneno yake ya kweli hayaaminiwi, na wakati huo anayemhoji naye anadhani amefundishwa kusema hivyo.

Zaidi ya hayo, mahabusi wa namna hii huwa na thamani kwa wanasiasa. Kesi yake huchanganywa na mambo asiyoyajua, kama vikwazo, wafungwa wa upande wa pili na mivutano ya ndani ya serikali yenyewe. Hili lilionekana wazi mara mbili. Septemba 2010, kwa mnasaba wa kumalizika Ramadhani, ilitangazwa kwamba Shourd ataachiwa, kisha mahakama ikasema bado. Septemba 2011 rais Mahmoud Ahmadinejad alisema kwamba wanaume wawili wataachiwa baada ya siku chache, na idara ya mahakama ikasema kuwa uamuzi ni wake, si wa mwengine. Mara zote mbili walitoka hatimaye, lakini familia zilipandishwa matumaini zikashushwa mbele ya dunia nzima.

3. Mlango wa Oman

Oman ina uhusiano mzuri na Iran na ina uhusiano mzuri na Marekani. Katika enzi ya Sultan Qaboos bin Said ilijulikana kwa kutokuingia katika ugomvi wa majirani na kwa kubeba ujumbe kimya kimya. Mjumbe wake katika jambo hili alikuwa Dk. Salem al-Ismaily, aliyekwenda na kurudi baina ya pande hizo bila ya makelele.

Tarehe 14 Septemba 2010 Sarah Shourd aliachiwa kwa dhamana ya takriban dola 500,000 kwa sababu za kiutu, baada ya kukaa siku 410. Alisafirishwa hadi Maskati, ambako mama yake alikuwa akimsubiri. Wenzake walibaki. Agosti 2011 mahakama iliwahukumu kila mmoja miaka minane jela, mitatu kwa kuingia nchini kinyume cha sheria na mitano kwa ujasusi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Septemba 2011, nao waliachiwa kwa dhamana ya dola 500,000 kila mmoja, wakapelekwa Maskati kwa ndege ya Oman. Walikuwa wamekaa karibu miezi 26.

Ni haki pia kuwataja Waislamu waliosema neno la kheri. Bondia mashuhuri Muhammad Ali aliwaombea hadharani, na Septemba 2011 ujumbe wa viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo kutoka Marekani ulikwenda Tehran kuomba waachiwe. Walionana na viongozi kwa adabu, wakaomba huruma bila ya kutukana. Mlango ambao serikali mbili zilishindwa kuufungua kwa vitisho ulifunguliwa kwa watu wanaoheshimika na kila upande.

Njia hiyo haikufungwa baada ya hapo. Oman iliendelea kuwa mahali ambapo Wamarekani na Wairani walikutana kwa siri, na mazungumzo hayo yakasaidia kufikia makubaliano ya awali ya nyuklia ya Novemba 2013.

4. Baharini nako kuna mipaka

Msomaji wa visiwani anaweza kusema: sisi hatupandi milima ya Kurdistan. Ni kweli, lakini bahari nayo ina mistari, na mstari wa bahari hauna hata jiwe.

Tarehe 23 Machi 2007 Iran iliwakamata mabaharia na wanajeshi 15 wa Uingereza kaskazini mwa Ghuba. Iran ilisema wako ndani ya maji yake, Uingereza ikasema wako ndani ya maji ya Iraq. Waliachiwa mwanzoni mwa Aprili, chini ya wiki mbili baadaye. Tarehe 25 Novemba 2009, wakati Wamarekani wetu wakiwa bado Evin, Waingereza watano waliokuwa wakisafirisha mashua ya mashindano kutoka Bahrain kwenda Dubai walikamatwa kwa kuingia maji ya Iran. Tarehe 2 Disemba waliachiwa.

Tuangalie tofauti. Nchi iliyokamata ni moja, na tuhuma ya kuvuka ni moja. Mabaharia wa mashua walikaa wiki moja, wapanda mlima wakakaa zaidi ya mwaka hadi miaka miwili. Hatusemi sababu ni moja tu, kwani kila kesi ina mambo yake. Lakini Uingereza wakati huo ilikuwa na ubalozi wake Tehran, na waziri aliweza kumpigia simu waziri mwenzake. Marekani ilikuwa inazungumza kupitia dirisha la jirani.

Mfano mwengine ni wa wavuvi wa India na Pakistan. Baina ya Gujarat na Sindh, nchi hizo mbili zinagombania hori ya Sir Creek, na bahari iliyo mbele yake haina mstari waliokubaliana. Mvuvi anayefuata samaki hukamatwa na upande wa pili, na mashua yake huzuiliwa, nayo ndiyo mtaji wa familia nzima. Wapo wanaomaliza vifungo vyao na bado wakabaki jela wakisubiri nchi yao ithibitishe kuwa ni raia wake. Hata hivyo nchi hizi, pamoja na uadui wao, zilitia saini mwaka 2008 makubaliano ya kubadilishana orodha za wafungwa kila tarehe 1 Januari na 1 Julai. Orodha haimtoi mtu jela, lakini inamtoa katika hali ya kutokujulikana, na kwa mama aliye nyumbani hilo si jambo dogo.

5. Haki za aliyekamatwa ugenini

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, kifungu cha 36, umeweka haki hizi:

- Mgeni aliyekamatwa aelezwe bila ya kuchelewa kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa.
- Akitaka, ubalozi ujulishwe bila ya kuchelewa.
- Maafisa wa ubalozi waruhusiwe kumtembelea, kuandikiana naye na kumpangia wakili.

Je, tuhuma ya ujasusi inaondoa haki hizi? Hapana. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua hivyo tarehe 17 Julai 2019 katika kesi ya India dhidi ya Pakistan, iliyohusu raia wa India aliyehukumiwa kifo kwa ujasusi. Mahakama ilisema kifungu cha 36 hakimtoi nje mtu kwa sababu tu anashukiwa kuwa jasusi. Na wala tusidhani ni nchi fulani tu zinazokosea, kwani mwaka 2004 Mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba Marekani ilivunja kifungu hicho kwa raia wa Mexico waliokuwa katika jela zake.

Familia zielewe mipaka ya msaada huu. Ubalozi haumtoi mtu jela kwa amri, haumlipii wakili kwa lazima, wala hauzuii kesi. Kazi yake ni kuhakikisha anaonekana, anasikilizwa na anatendewa kama wengine.

Na mwenye pasi mbili awe na hadhari zaidi. Akikamatwa katika nchi inayomhesabu kuwa raia wake, nchi hiyo inaweza kuukataa kabisa ubalozi wa ile nyengine.

6. Dini yetu inatuelekeza nini

Kumtoa mateka. Katika Hadithi ya Abu Musa al-Ash‘ariy (R.A.), aliyoipokea Imamu al-Bukhaariy, Mtume (S.A.W.) ameamrisha kumlisha mwenye njaa, kumtembelea mgonjwa na kumkomboa mateka. Mambo matatu haya yametajwa pamoja. Wanachuoni wamelihesabu jambo la kumkomboa mateka Muislamu kuwa ni fardhi ya kutoshelezana: wakisimama baadhi wakatosha, wengine hawana dhambi, na wakikaa wote basi wote wanaulizwa.

Kumtendea wema aliye mikononi mwetu. Sura ya al-Insaan, aya ya 8, imewasifu wanaomlisha masikini, yatima na mateka ilhali chakula wanakipenda wenyewe. Sura ya at-Tawba, aya ya 6, imeelekeza kwamba mushirik anayeomba himaya apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Basi mgeni aliyepotea akaingia kwetu ana haki juu yetu, kama tunavyopenda mtoto wetu atendewe huko aliko.

Kujiepusha na dhana. Sura ya al-Hujuraat imetuamrisha kuhakikisha habari (aya ya 6) na kujiepusha na dhana nyingi (aya ya 12). Mtu akikamatwa nje, mitaani huanza: alikuwa na madawa, alikuwa na kundi fulani, lazima lipo jambo. Maneno haya humuumiza mama yake leo, na yakiandikwa mitandaoni yanaweza kusomwa na anayemhoji kesho.

Mke wa mahabusi. Mume anayejulikana kuwa yuko hai jela, ndoa yake ipo. Ibn Qudaamah amenukuu makubaliano ya wanachuoni kwamba mke wa mateka haolewi mpaka ijulikane kwa yakini kuwa mumewe amefariki. Akikosa matumizi au akipata madhara, apeleke shauri lake kwa Kadhi, kwani ana haki ya kusikilizwa. Asijihukumie mwenyewe, wala asihukumiwe na majirani.

Ibada ya aliyefungwa. Swala haiondoki. Asiyejua Qibla au wakati ajitahidi kwa alama anazozipata, aswali. Asiyepata maji wala mchanga safi, katika madhehebu ya Shaafi‘iy ataswali kwa kuuheshimu wakati, kisha atairudia atakapopata. Aliyefichwa mwezi wa Ramadhani hujitahidi kukisia na kufunga. Ikidhihiri kuwa amefunga mwezi wenyewe au baada yake, imemtosha. Ikidhihiri kuwa amefunga kabla yake, atalipa.

Mchango. Sadaka ndiyo njia nyepesi ya kugharimia wakili na safari. Ama Zaka, Mahanbali wamejuzisha kumkombolea mateka Muislamu kutokana na fungu la riqaab, wakati Mashaafi‘iy wamelifasiri fungu hilo kwa watumwa walioandikiana na mabwana zao. Mwenye kutaka kutoa Zaka yake katika jambo hili amuulize kwanza mwanachuoni anayemuamini.

7. Ya kufanya

Kabla ya safari:

- Acha nyumbani nakala ya pasi na viza, jina la mahali utakapofikia, na siku unayotarajia kurudi.
- Ukitoka kwenda mbali na mji, muachie mtu habari za njia yako na saa ya kumpigia. Kumbuka rafiki aliyebaki hotelini Sulaymaniyah.
- Waulize wenyeji wawili watatu kuhusu mpaka, si kuhusu uzuri wa mahali tu. Waliosifia maporomoko hawakuulizwa mlima wa pili ni wa nani.
- Nahodha awe na jipiesi inayofanya kazi na ajue mwisho wa maji yanayoruhusiwa. Kusi na kaskazi havijui mipaka.
- Usipige picha askari, vituo wala madaraja karibu na mpaka.

Ukikamatwa: usikimbie wala usibishane na mwenye silaha. Sema kweli, na neno lako liwe moja. Omba ubalozi wako ujulishwe, urudie kuomba kila unapohojiwa. Usitie saini karatasi ya lugha usiyoijua.

Familia ikipata habari:

- Ijulishe Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa karibu siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na kila barua ibaki na nakala.
- Chagueni msemaji mmoja. Familia yenye wasemaji watano huwa na habari tano.
- Tafuteni wakili wa nchi ile ile, anayejua lugha na mahakama zake.
- Tafuteni mtu anayeheshimika na pande mbili, akiwa mfanyabiashara, shekhe au nchi ya tatu. Akishaanza kazi, msimzidi sauti.
- Jihadharini na anayetaka fedha haraka akidai ana mtu wake ndani ya jela. Kila malipo yapitie kwa wakili na yawe na risiti.
- Ahadi ya kuachiwa si kuachiwa. Shukuruni, lakini msisherehekee mpaka mumuone.

Juu ya yote haya ni dua. Dua ya msafiri na dua ya aliyedhulumiwa zimeahidiwa kujibiwa, na mahabusi asiye na kosa anakusanya zote mbili. Nabii Yuusuf (‘Alayhis-salaam) alikaa jela miaka bila ya kosa, naye hakuacha kumuomba Mola wake wala hakuacha kumtuma aliyetoka akamtaje kwa mfalme. Sisi nasi tumuombe Allaah, na tubishe hodi katika kila mlango wa halali.

Tunamuomba Allaah awarejeshe salama wasafiri wetu wote wa nchi kavu na wa baharini, awafariji waliofungwa bila ya haki, na azipe subira familia zao. Aamiyn.

Wa Allaahu a‘lam.